Msituite wavivu: kwa nini samadi ya Handeni inapanda Lushoto na haifiki Muheza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu kwamba sisi wakulima wa pwani ya Tanga tunalia bei ya mbolea ya dukani huku samadi imelala bure kwenye maboma ya Handeni na Kilindi, na kwamba kinachotupunguzia mavuno ni uvivu pamoja na kutojua. Kwamba samadi imelala ni kweli. Nimesimama juu yake na kuichimba kwa sululu. Huo uvivu na kutojua nakataa, na sababu zangu nimezikuta barabarani.

Mimi ni dereva wa Fuso. Nina pia ekari chache nje kidogo ya mji wa Muheza: michungwa, mahindi, muhogo, na minazi kadhaa ya urithi. Tajiri wangu ni mtu wa Lushoto, kwa hiyo mwaka mzima maisha yangu ni njia ile ile. Nashuka na kabichi, karoti na viazi mpaka Dar es Salaam, narudi na chochote kitakacholipa dizeli. Mara nyingi kinacholipa dizeli ni samadi.

Kwanza msomaji wetu ajue kwamba samadi ya mkoa huu si ya aina moja. Ukiacha lami pale Mkata au Kabuku ukaingia ndani kwa wafugaji, unakuta boma la miiba ambamo ng'ombe wamelala miaka. Samadi yake imekanyagwa ikashikana tabaka kwa tabaka. Juu vumbi, chini unyevu wenye harufu ya kuchoma pua. Jua limeikausha, mvua imeiosha, na kila chepe unalotupa garini lina mchanga wake humo humo. Mwenye boma haitumii kwa sababu hana shamba, au ana kipande cha mahindi mahali boma lilipokuwa zamani, na hapo mahindi yanakwenda juu bila kuuliza mbolea. Boma likijaa anasogea mbele kidogo, anajenga jingine. Mzee mmoja wa Kimaasai niliyezoea kupakia kwake alikuwa akiniambia, "Chukua, mwanangu, unanisafishia." Siku hizi vijana wake wamejua kwamba kuna watu wanaitaka huko juu, nao wanataka chochote. Ni haki yao.

Sasa panda Lushoto. Huko ng'ombe ni mmoja au wawili, amefungwa bandani, majani analetewa. Hilo halikuanza jana. Mradi wa SECAP wa kuzuia mmomonyoko wa udongo, ulioanza mwaka 1981 kwa ushirikiano na Wajerumani, uliwahimiza watu wafungie mifugo ndani na wapande matete na majani ya guatemala kwenye makinga maji ili udongo usiteremke bondeni. Kinyesi kikawa kinaangukia nyumbani, na kitu unachokiruka kila asubuhi mlangoni huwezi kukisahau. Lakini hata huko usidhani kila shamba linapata. Migomba na kahawa ya nyuma ya nyumba inashiba. Shamba la ng'ambo ya bonde linaambulia patupu, kwa kuwa samadi inapanda huko kwa kichwa cha mama, na mama ana kichwa kimoja. Wala huyo ng'ombe mmoja wa banda hawezi kulisha bustani za bondeni, ambako kabichi na viazi vinapandwa mara mbili, mara tatu kwa mwaka katika kipande kile kile. Ndiyo maana mkulima wa Lukozi au Malindi ananunua samadi ya Handeni pamoja na mchanga wake, tena ananipigia simu mwenyewe kuniuliza nitapita lini.

Muheza ni karibu na Kabuku kuliko Lushoto. Ukifika Segera unakata kulia, barabara nzuri, hakuna kona za Soni, hakuna kupanda kwa gia ya kwanza. Kwa nini basi mzigo unakwenda mbali na juu, hauji karibu na chini?

Jibu liko kwenye bodi la gari. Malori ya mboga ni ya watu wa Lushoto wenyewe. Yakirudi matupu kutoka Dar, nauli ya samadi ni nyongeza tu, kwa sababu safari ya kurudi ilikuwepo hata bila mzigo. Mwenye gari ndiye mwenye kabichi, au ni shemeji yake, na bodi likichafuka ataliosha kwao. Malori ya machungwa yanayoingia Muheza ni ya wafanyabiashara wa nje. Nayo yanakuja matupu, nayo yanapita Kabuku hiyo hiyo. Lakini mwambie dereva wake apakie samadi uone atakavyokutazama. Akifika Muheza anatakiwa apakie machungwa saa ile ile, na mnunuzi hataki harufu ya zizi kwenye tunda lake. Tajiri wake hapati kitu michungwa ya Muheza ikistawi mwakani. Machungwa yakipungua hapa atayafuata kwingine. Kwa hiyo mkulima wa Muheza anayetaka samadi inambidi akodi gari zima, kwenda na kurudi, na hesabu yake inakufa kabla gari halijawashwa.

Hesabu yenyewe naiweka hadharani. Mfuko wa urea wa kilo 50 una kilo 23 za naitrojeni, kile kirutubisho kinachokoza majani, yaani asilimia 46, imeandikwa kwenye mfuko. Samadi kavu ya boma yenye hali ya wastani ina naitrojeni kama asilimia 1, na iliyojaa mchanga inashuka chini ya hapo. Kupata kilo zile zile 23 unahitaji zaidi ya tani 2, sawa na theluthi ya mzigo wa gari langu. Urea inakwenda shambani kwa bodaboda, abiria kaikalia. Samadi inataka gari, vibarua wa kupakia, vibarua wa kushusha, kisha toroli au vichwa mpaka kwenye mistari. Na ikishafika, mmea hauipati yote kwa mkupuo. Sehemu ndogo, tuseme theluthi, ndiyo inayoachiwa msimu wa kwanza; iliyobaki inafuata taratibu msimu wa pili na wa tatu.

Hapo ndipo yanapoingia mashamba ya kukodi, ambayo msomaji wetu hakuyagusa hata kwa neno moja. Watu wengi huku, hasa kandokando ya mashamba ya mkonge, wanalima mahindi kwenye ardhi wanayokodi msimu kwa msimu. Uweke samadi mwaka huu, mwenye shamba aone mahindi yamekoza rangi, mwakani apandishe kodi au ampe mpwa wake? Wanachagua urea kwa sababu wataila wao wenyewe msimu ule ule. Nilikuwepo kwenye mkutano mmoja pale Ngomeni, mama mmoja akamuuliza bwana shamba, "Baba, mimi nirutubishe shamba la mtu?" Bwana shamba akacheka, akaendelea na somo lake la kutengeneza mboji. Mimi sikuona cha kuchekesha. Lile ndilo lilikuwa swali la siku.

Nisije nikaonekana naidharau samadi wakati inanilisha. Hesabu ya naitrojeni peke yake ni hesabu ya mwenye duka. Samadi ina fosforasi na potasiamu, ina chokaa kidogo, na zaidi ya hayo ina ule mkusanyiko wa vitu vinavyooza ambao unaufanya udongo ushike maji. Udongo wetu mwekundu una tindikali, na ukiupa urea mwaka baada ya mwaka bila kitu kingine unazidi kuchachuka. Samadi inaurudisha nyuma. Kwenye mchanga wa Pangani na wa ufukweni Mkinga mambo ni mengine tena. Huko mvua ya masika ya usiku mmoja inaweza kuishusha mbolea ya dukani chini ya mizizi, na bila kitu cha kuizuia umenyunyizia hela yako baharini. Ukiniuliza mimi, samadi inahitajika zaidi huko kwenye mchanga kuliko kule Lushoto. Lakini sijawahi kupeleka hata gari moja Mkinga, kwa sababu hakuna lori linalokwenda Mkinga tupu kupitia Kabuku.

Wapo wanaosema Wabondei, Wadigo na Wasegeju hawana mila ya samadi. Mila itoke wapi pasipo ng'ombe? Ukanda mkubwa wa mabonde ya pwani ulikuwa wa mbung'o, na ng'ombe aliyeingia alikufa kwa nagana au kwa ndigana. Marehemu baba alichunga kwenye ranchi ya Mkwaja, kusini ya Pangani, akaniambia jinsi ng'ombe walivyokuwa wakichomwa sindano za dawa ili waishi tu. Ranchi ilifungwa mwaka 2000 na eneo lake sasa limo katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Watafiti waliokwenda baadaye walikuta kwamba mahali palipokuwa na mazizi ya kulaza ng'ombe udongo ulibaki na rutuba kuliko mbuga ya jirani, umeota majani mafupi laini, na ngiri wanafuata malisho pale pale. Baba angewaambia hivyo bila kipimo.

Mazizi yale yanaeleza kitu ambacho wahubiri wa samadi wanakisahau. Ng'ombe haumbi rutuba, anaihamisha. Anaila porini mchana, anaiangusha zizini usiku. Ng'ombe wa kienyeji wa kama kilo 250 anatoa takribani kilo 2 za kinyesi kwa siku, ukipima kikiwa kikavu, na karibu nusu yake inabaki huko machungani. Wataalamu wanashauri tani 5 mpaka 10 kwa hekta, yaani tani 2 mpaka 4 kwa ekari. Piga hesabu mwenyewe uone ekari moja inataka ng'ombe wangapi, na hao ng'ombe wanataka pori la ukubwa gani. Nchi yetu ina ng'ombe zaidi ya milioni 30 na bado haiwezekani kila ekari ipate samadi kila mwaka. Mahali fulani patapata na mahali fulani patatoa.

Wahaya walilijua hilo zamani. Majani ya rweya, ule uwanda wa nyasi, yalipita tumboni mwa ng'ombe au yalikatwa yakaletwa kibanjani, yaani shamba la nyumbani, migomba ikanawiri na rweya ikazidi kufifia. Sotoka ilipofagia ng'ombe miaka ya 1890, vibanja vingi vilipoteza chakula chake. Wachaga wanafungia ng'ombe kwenye kihamba na kubeba majani kutoka tambarare kwenda juu mlimani. Kisiwani Ukara, huko Ziwa Victoria, ambako ardhi ni finyu na watu ni wengi, ng'ombe alisimama kwenye shimo ndani ya nyumba akaletewa majani, na samadi ikabebwa mpaka shamba la mwisho. Wakara wanatajwa kwa hilo tangu zama za wakoloni. Wairaqw wa Mbulu nao wana historia yao ya kulala nyumba moja na ng'ombe. Wakati huo huo Usukumani, kwenye makundi makubwa kuliko yote hayo, sehemu kubwa ya samadi ilibaki zizini. Nani mvivu hapo? Msukuma aliyelima pamba ekari nyingi kwa jembe la ng'ombe? Palipo na ardhi tele mtu anahama na jembe. Palipofinyu anabeba kinyesi.

Tena kuna sehemu za India, na nyanda za juu za Ethiopia, ambako kinyesi kinakandikwa, kinakaushwa juani na kuchomwa jikoni kwa kuwa kuni hakuna. Na kuna Waholanzi, ambao mkoa wetu unawajua vizuri kwa sababu ya mradi wa ng'ombe wa maziwa wa miaka ya 1980 uliotuletea mitamba na mabanda. Kwao kinyesi kimezidi mpaka kinatia sumu maji ya visima. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 1991 iliweka kikomo cha kilo 170 za naitrojeni ya samadi kwa hekta kwa mwaka, na mfugaji mwenye ziada anamlipa mwenye lori aje aiondoe. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilifikiri nataniwa: kulipwa kuchukua samadi! Tajiri wangu angehamia huko kesho. Lakini sababu yao ni ile ile ya Mkwaja. Chakula cha ng'ombe wao, soya na kadhalika, kinaingia kwa meli kutoka mbali, na kinachoangushwa hakirudi kilikotoka.

Narudi nyumbani, maana kuna samadi nyingine ambayo msomaji wetu hakuiona kabisa, nayo ni bora kuliko ya Handeni. Iko mjini. Pongwe, Maweni, Kange na mitaa mingine ya Jiji la Tanga kuna mabanda mengi ya ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa anaangusha kilo 20 mpaka 30 kwa siku, na kwa kuwa anakula matete na pumba, kinyesi chake ni kinono. Tatizo, sehemu nne kwa tano ya uzito huo ni maji, na hakuna anayekodi gari kubeba maji. Mkojo ndio umebeba karibu nusu ya naitrojeni na sehemu kubwa ya potasiamu, nao unapita sakafuni, unaingia mferejini, unakwenda zake. Mama mwenye banda hana shamba. Ana uwanja wa nyumba, ana jirani anayelalamika harufu, na ana kiwanja cha mtu kisichojengwa anakomwaga usiku.

Na mchana huo huo wanaingia vijana wa majani. Kila aliyewahi kupita barabara ya Muheza asubuhi anawajua, baiskeli na pikipiki zimefunikwa matete mpaka humwoni mwendeshaji. Wanayakata Muheza na vijiji vya njiani, wanayauza mjini, wanarudi matupu. Matete ni mlaji mkubwa. Ukiyakata na kuyaondoa mwaka baada ya mwaka bila kurudisha kitu, shamba linakwisha, na vijana wanazidi kwenda mbali kuyatafuta. Muulize yeyote kati yao anakata wapi sasa na alikuwa akikata wapi mwanzo. Haya, mbebaji yupo, anarudi tupu, tena anarudi pale pale rutuba ilipotolewa. Kinachokosekana ni samadi iliyo kavu na nyepesi ndani ya kiroba. Banda la kukaushia halihitaji zaidi ya nguzo, bati au makuti, na sakafu isiyovuja. Ukiichanganya na mabaki ya majani aliyoyaacha ng'ombe yakanywa mkojo, ukaifunika jua na mvua visiifikie, unaokoa naitrojeni ambayo ingepotea hewani, na ikichemka vizuri ndani ya lundo mbegu nyingi za magugu zinakufa. Vijana wawili ninaowafahamu wameanza kurudi na viroba kwa ajili ya bustani za mchicha. Hawakufundishwa na semina yoyote.

Nimetaja magugu, nisiyapite. Samadi ya boma inakuja na wageni. Ng'ombe wa Handeni wanakula maganda ya migunga, na mbegu ngumu zinapita salama tumboni. Jirani yangu aliweka mzigo mmoja kwenye michungwa, masika yalipofika akawa anang'oa vichipukizi vya miiba. Hakununua tena, na simlaumu. Dawa yake ni kuilundika na kuigeuza kwanza, lakini kugeuza tani kadhaa kwa chepe ni kibarua kingine cha kulipa.

Halafu kuna minazi. Bibi yangu hakuruhusu lundo la samadi karibu na minazi, na ukimuuliza alisema ataita mdudu. Mabwana shamba wa mjini waliliona hilo ni ushirikina. Yule mdudu mweusi mwenye pembe anayetoboa kilele cha mnazi anataga kwenye vitu vinavyooza, magogo ya minazi iliyokufa na malundo ya samadi vilevile, na mabuu yake manene meupe yanakulia humo. Bibi alikuwa sahihi. Anayewaletea watu wa pwani karatasi ya ushauri iliyoandikwa kwa ajili ya mahindi ya Hanang inambidi ajue kwamba huku kuna mnazi, na kwamba mchungwa hautaki samadi irundikwe shinani, gamba linaoza. Iwekwe mbali na shina, chini ya ncha za matawi, ifukiwe.

La mwisho katika sababu zetu ni la kidini na nalitaja kwa heshima. Wazee wetu wengi wanafuata madhehebu ya Shafii, na kwao kinyesi ni najisi, hakiuzwi wala hakinunuliwi. Kukitumia shambani hawakukatai. Nimewapelekea mzigo wazee wawili au watatu wa namna hiyo, na mmoja aliniambia wazi, "Kijana, mimi silipi mavi, nalipa gari na jasho lako." Tukaandikiana nauli, kazi ikaisha. Afisa anayekuja na mpango wa "soko la samadi" bila kukaa na watu kama hawa atasikia "inshallah" nyingi na hatauza hata debe.

Sasa ninachoomba. Gari langu limewahi kuzuiwa kwenye kizuizi cha halmashauri moja katika mkoa huu, nisiyoitaja, nikatozwa ushuru wa mazao kwa ajili ya samadi. Nilimwonyesha kijana wa kizuizi kilichokuwa nyuma, akaniambia kila kinachotoka wilayani kina ushuru. Nililipa, na fedha ile ilikwenda kuongezwa kwenye bei aliyolipa mkulima wa viazi. Tangu mwaka 2022 serikali inatoa ruzuku ili mfuko wa mbolea ya dukani ushuke bei, jambo ambalo nalishukuru. Inakuwaje mbolea ya mfuko inapunguziwa bei na ya boma inaongezewa?

Vilevile Kituo cha Utafiti cha Mlingano kiko hapa hapa Muheza, na udongo ni kazi yake ya miaka mingi. Naomba kipime samadi za mkoa huu mahali pake: ya boma la Kabuku, ya banda la Lushoto, ya mjini Pongwe, kisha kituambie ya wapi iwekwe kiasi gani kwenye udongo mwekundu na kiasi gani kwenye mchanga. Mkulima anayenunua mzigo wangu leo ananunua kwa macho na pua. Sijui nimemuuzia mchanga asilimia ngapi, na yeye hajui.

Na wenyeviti wa vijiji, ambao ndio wanaoshuhudia makaratasi ya kukodi mashamba, wanaweza kuanza kesho kuandika misimu minne badala ya mmoja kwa yeyote anayeweka samadi, kodi isipande katikati. Hilo halihitaji mfadhili.

Halmashauri zinapitisha bajeti na viwango vya ushuru kabla ya Julai. Madiwani wa Handeni, Korogwe na Muheza wanaosoma gazeti hili wakitaka kuona risiti niliyopewa kizuizini, ninayo kwenye gari, kwenye kisanduku cha mbele, pamoja na leseni.

Dereva na mkulima,
Muheza, Tanga